Gramu Kumi na Nne

Ripoti ya mwaka imeletwa na posta, nzito kama albamu ya harusi,
jalada lake rangi ya kiazi kilichoiva mafutani.
Verna Stoltzfus anaifungua juu ya meza ya jikoni.
Nje, theluji ya Februari imelala juu ya gari,
Pensilvania yote nyeupe;
ndani, tarakimu.

Yeye ni mwanahisa. Neno hilo bado humchekesha.
Hisa mia mbili na kumi na mbili za Brandt na Pell,
watengenezaji wa krispi, soda, na maji yenye ladha ya pichi.
Kaachiwa na Harlan, aliyeendesha lori lao miaka thelathini na mmoja,
akipanga pakiti rafuni kabla maduka hayajawasha taa,
na kila Krismasi bonasi yake nusu fedha, nusu karatasi.
"Hata karatasi italiwa siku moja," alikuwa akisema.
Sasa inaliwa: dola moja na robo kwa kila hisa,
kila miezi mitatu.

Ukurasa wa nne: mapato yamepanda asilimia tano.
Wa tisa: faida halisi, bilioni sita na ushei.
Wa kumi na saba ni picha ya shamba,
mkulima anatabasamu, jina lake halikuandikwa.
Deni la muda mrefu nalo lina ukurasa wake,
limetulia kama mgeni
aliyekwisha kujua kwamba leo haondoki.

Mali bila daftari hupotea bila habari, twasema kwetu.
Daftari hili hapa, kurasa mia na arobaini.
Verna anamtafuta Harlan ndani yake.
Anampata, labda, kwenye "gharama za usambazaji",
mstari mmoja, pamoja na dizeli.

Lakini huyu mama alitunza hesabu za kanisa la Kimenoniti miaka ishirini.
Senti ikikosekana, alirudi usiku na tochi.
Kwa hiyo anasoma hadi maandishi madogo,
ukurasa wa sitini na tatu, chini kabisa:
ukuaji umetokana na bei; ujazo umepungua.

Anasoma tena.
Anavua miwani, anaifuta, anasoma tena.

Gereji ina pakiti kuukuu ambamo Harlan aliwekea misumari.
Anaimwaga. Anaisoma pembeni:
gramu mia mbili sitini na tisa.
Pakiti ya jana, kutoka dukani:
mia mbili hamsini na tano.
Ukubwa uleule, kicheko kilekile cha kiazi chenye kofia,
na katikati hewa, hewa iliyouzwa vizuri.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hapa haba na haba imekipunguza kibaba
na kibaba hakikupiga kelele.

Anapima kwa mizani ya keki. Gramu kumi na nne
ni krispi saba. Anazipanga kwenye sahani, mstari mmoja.
Anachukua penseli, anazidisha kwa pakiti za nchi nzima
mpaka bahasha inaisha nafasi.

Hapo ndipo anapoona gawio lake limetoka wapi.
Limetoka kinywani mwake.
Amejilipa mwenyewe,
na kodi wakakata.

Imebaki karatasi ya kura. Ajenda ya tatu:
malipo ya mkurugenzi mtendaji, milioni ishirini na nane.
Bodi inapendekeza ndiyo.
Kura zake mia mbili na kumi na mbili kati ya bilioni:
punje ya chumvi ndani ya pipa la chumvi.
Anaandika hapana, kwa wino,
anakandamiza kalamu hadi alama inatokea upande wa pili.

Kisha anakula zile saba, moja moja, taratibu.
Zilikuwa tamu. Hilo ndilo tatizo.

Akavaa buti, akapangusa theluji kwenye kioo cha gari,
akaenda kuiposti hapana yake.
Njiani alipitia benki.
Hundi hakuirudisha.