Kopo la Bajeti

Mwalimu Kahindo alitumwagia mezani
kopo moja la maharage kwa kila kundi.
"Hizi ndizo pesa zenu," akasema.
Vizibo vya bia ni mawe. Viberiti ni malori.
Sakafuni akachora kwa chaki wiki kumi na mbili,
kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha,
na dirishani Nyiragongo, mlima usiosoma kalenda,
ulikuwa umevaa moshi wake wa asubuhi.

Mimi, fundi Bauma, miaka ishirini na mmoja mwiko mkononi,
nilibanana benchi moja na vijana wa umri wa wanangu,
nikicheka moyoni: mtu mzima nahesabu vizibo!
Ukuta naujua. Mawe meusi ya lava
nimeyapasua yakiwa bado na joto.
Himbi nimejenga, Majengo nimejenga,
na timazi yangu haijaniaibisha hata siku moja.

Lakini kadi ya kwanza aliyochomoa ilisema:
Simenti imekwama Sake. Siku sita.
Nasi tulikwisha kuita waashi kumi.
Wakasimama mikono kiunoni, wakitula maharage
siku baada ya siku, bila kuinua kizibo.
Kadi ya pili: Mvua.
Ya tatu: Mwenye nyumba sasa anataka ghorofa.
Tukapiga kelele. Mwalimu akapandisha mabega tu:
"Mkataba mliandika?"

Ijumaa kila mhasibu alipewa kopo akalilinde nyumbani.
Jumatatu kopo la Nzigire lilirudi tupu,
limesuguliwa kwa majivu hadi linang'aa.
Akatazama viatu vyake.
"Mwalimu, nimeyapika."

Mtu mmoja akacheka, akajuta.
Mwalimu hakukaripia. Hakuuliza yaliwatosha wangapi.
Akashika chaki, akaandika ubaoni
neno nililolisikia redioni mara mia
na sikuwahi kulipa nafasi katika hesabu zangu:
DHARURA.
Kisha akapita meza kwa meza na kopo lile,
akitoza punje kumi katika kila mia,
hata kwetu sisi tuliokuwa tunadaiwa na waashi.
"Hiki ndicho chumba cha kwanza cha nyumba yoyote," alisema.
"Ramani haikionyeshi."
Likajaa nusu. Akamrudishia Nzigire alilinde.

Jioni nikapitia kiwanja changu, Buhene:
kuta tatu zimenyooka kama kiapo,
wa nne haupo. Mwaka wa sita huu.
Wakiniuliza, nilikuwa nasema: lava. Nilikuwa nasema: vita,
bei ya mabati, shemeji yangu.
Na yote yalikuwa kweli.

Nikachuchumaa, nikaokota kaa,
nikachora juu ya jiwe bapa
kisanduku kimoja, wiki ya kwanza.
Nilikaa sana sijui niandike nini ndani.
Giza likinifikia vidoleni,
nikaandika: kuhesabu.