Sehemu ya Kumi, Kisha ya Pili

Nimeipakata kwenye treni toka Morogoro mpaka Tabora,
kompyuta iliyopasuka kioo,
nikailaza chini ya televisheni ya mama
juu ya kitambaa cha kufuma alichokitoa sandukuni:
"Isilale patupu, mgeni huyu."

Waya mmoja nyuma, diski ubavuni,
feni ikaanza kukoroma.
Isevya umeme ulikatika mara mbili
kabla sijamaliza kumfundisha rimoti:
hiki mbele, hiki nyuma, hiki usikiguse.
Akakigusa.

Nilikwisharudi kazini alipopiga simu.
"Kalunde, mashine yako ina maajabu.
Yule mjomba mwenye baraghashia, tuliyemzika juzi,
nikalia mpaka jirani akaja,
leo yuko barazani, anakoroga chai."

Nikalijua kosa.
Niliziandika namba za tamthilia bila sifuri mbele,
na mashine haihesabu, inapanga tu:
moja, kumi, kumi na moja,
ndipo mbili.

"Nikija likizo nitazipanga upya, mama."

Kimya. Feni tu, kwa mbali.

"Ziache kwanza," akasema.
"Tangu tumpeleke baba yako kule,
nimeona wengi wanakwenda.
Huyu ndiye wa kwanza kurudi."

Halafu, kama aliyekumbuka jambo la sokoni,
akaniuliza kuhusu ile sukari,
kama vijiko vitatu si vingi
kwa mtu wa umri ule.