Kumbukumbu za Safari ya Ibra

Basi liliondoka Ruwi saa moja kasorobo
badala ya saa kumi na mbili,
kwa ajili ya Bi Thuwaiba na birika lake.
(Naandika yalivyokuwa. Ndiyo kazi ya katibu.)
Wanachama kumi na tisa, wageni wawili,
halwa bakuli moja, sambusa za kulisha harusi.
Bwana Humud alishika kipaza sauti tangu Bidbid
akatusomea nasaba ya kila mlima,
na mlima haukuweza kubisha.

Mwezi jana tulikuwa Bahla, tukaelezwa ukuta.
Mwezi juzi Nizwa, mhadhara wa milango:
nusu yetu walisinzia,
nusu walijadili bei ya vitunguu.
Kule tuliitwa Waarabu, huku twaitwa Wazinjibari,
basi twatoa riali tano kila mwezi
tuoneshwe kwetu.

Ibra ya zamani ni kinywa cha bibi:
jino lipo, jino halipo,
na bado kinatabasamu.
Azzan, kijana wa mji, alitupokea langoni
kanzu imenyooka kama mstari wa rula.
Akasema fedha ya nyumba hizi ilitoka kwenye karafuu,
boriti zilivuka bahari,
na Bwana Humud akaitikia kwa kichwa
kana kwamba yeye ndiye aliyetoa mfukoni.
Akatufundisha saruji ya kale:
udongo uchomwe kwa magogo ya mitende,
upondwe, uchekechwe, upondwe tena.
"Nani aliuponda?" akauliza Bi Rayya.
"Watu," akasema Azzan. "Watu wa nyumba."

Bi Rayya hapendi mihadhara.
Yeye huja kwa safari, magoti yake huja kulalamika.
Akitafuta pa kukaa
akaingia chumba cha nyuma ya jiko,
kisichokuwamo katika ratiba,
kisha akatuita kwa sauti
ambayo sijapata kumsikia nayo.

Nyuma ya mlango, chini,
kimo cha mtu aliyechuchumaa,
herufi zilizochorwa kwa msumari, au kwa ukucha,
chokaa ikiwa bado mbichi.
Azzan akapiga magoti, akawasha simu, akasoma:
"Firuzi. Nimbaka shukaa shumba hiki. Sijalibwa."
Akakunja uso. "Si Kiarabu.
Pengine hirizi. Pengine jina la jini."

Hakuna aliyecheka.
Mmoja mmoja tulisikia pe ikirudi mahali pake,
che ikirudi mahali pake,
kama watoto walioitwa ndani wakati wa magharibi:

Feruzi. Nimepaka chokaa chumba hiki. Sijalipwa.

"Imesemaje?" kijana akauliza.
Bwana Humud alikohoa,
kikohozi kirefu, chenye ukoo.
Wengine tukatazama dari, boriti, viatu.
Bi Rayya ndiye aliyemjibu, kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Deni, mwanangu. Imesema deni."

Kurudi, kipaza sauti kililala kitini peke yake.
Halwa ilifika Ruwi na ngozi yake nzima.

Kikao cha Jumanne, ajenda ya saba, Mengineyo.
Bwana Humud alipendekeza niandike
"maandishi yasiyosomeka."
Mtu akasema Feruzi alilishwa, alivishwa,
alikuwa kama mtoto wa nyumba.
Bi Thuwaiba, akimimina kahawa bila kuinua macho:
"Mtoto wa nyumba haandiki nyuma ya mlango."
Akauliza fundi wa chokaa alichukua ngapi siku zile.
Hakuna aliyejua.
Tunajua urefu wa ukuta wa Bahla.
Tunajua nyota zilizopimia zamu za maji ya falaji.
Kikao kikaahirishwa kwa sala ya isha.

Mweka hazina yuko Umra, daftari la hesabu liko kwangu.
Chini ya kodi ya basi, chini ya sambusa,
nimeongeza mstari:
Feruzi, chokaa, chumba kimoja.
Safu ya kiasi nimeiacha tupu.
Nimetumia wino wa bluu.
Kalamu nyeusi alikwenda nayo Bi Thuwaiba.