Samaki wa Chumvi

Vile viatu ni vya ngozi laini, rangi ya waridi lililochujuka,
namba arobaini na moja. Muuzaji akauliza,
"Ni vya binti yako?"
Nikasema ndiyo.
Sina binti. Nina paka, na pensheni iliyobakiza miaka miwili.

Jumanne, saa moja usiku, mjini Łódź,
theluji imegeuka tope jeusi kandokando ya reli.
Reli hizo nazijua: mwaka wa ishirini na sita huu
naendesha tramu, mashariki hadi magharibi,
kisha magharibi hadi mashariki,
na mguu wangu wa kulia hukanyaga breki hata usingizini.
Marehemu mume wangu alilalamika sana.

Darasa liko kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani.
Bibi alisokota nyuzi humu, ghorofa hii hii,
akaacha kidole kimoja na usikivu wa sikio la kushoto.
Sasa pana kioo ukuta mzima, pana ufito wa mbao,
wanawake saba,
na Zbyszek mhasibu, soksi zake hazifanani.

Mwalimu anaitwa Kinga,
jina la heri kwa mwenye mifupa kama yangu.
Shingo yake ni ya mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali.
Anasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kipolandi,
kisha, akituona bado tumeganda,
kwa mikono: kunja magoti. Kunja tu,
mgongo ubaki wima kama mshumaa.

Goti la kushoto likajibu kabla yangu. Ko!
Piano ya kwenye spika ikaendelea, haina haya.
Kiooni namwona mwanamke mnene
ameng'ang'ania ufito kama abiria anavyoshika bomba
dereva akifunga breki ghafla.
Abiria ni mimi. Dereva naye ni mimi.
Pole, mama, namwambia. Shikilia hapo hapo.

Samaki hukunjwa angali mbichi, ndivyo isemwavyo.
Dada yangu Bożena alilisema kivyake, kwenye simu:
"Miaka hamsini na minane!
Utavunja nyonga, na supu atakuletea nani?"

Lakini mama yetu, kila Krismasi ilipokaribia,
alinunua samaki wa pipani, mgumu kwa chumvi kama soli,
akamlaza kwenye bakuli la maji usiku kucha.
Aliamka kubadili maji. Akaamka tena.
Hakumkemea, hakumvuta mkia.
Asubuhi samaki alijikunja kidoleni kwake
kama utepe.

Hili sijamwambia Bożena. Atasema mimi si samaki.

Wiki ya tisa. Najua sasa kwamba mkono
hauishii kwenye kucha,
na kwamba nimeishi miaka yote hii
bila kujua nina mgongo mpaka unaume.
Kuzunguka, bado. Nikizunguka chumba hunifuata,
na chumba kikisimama mimi naendelea.

Kuruka, ndiyo, tuliruka. Sakafu ya bibi ilipiga yowe,
vumbi likatoka kwenye nyufa, la pamba au la nini, sijui.
Sentimita nne labda; Zbyszek anadai tano.
Kwa sentimita hizo nne
hapakuwa na reli chini yangu.

Leo alfajiri, mwisho wa njia, tramu tupu,
nimeshika bomba karibu na mlango,
visigino pamoja, vidole vikatazama nje,
nikashuka, nikapanda, nikashuka.
Mvulana wa shule akaingia, begi kubwa kuliko yeye.
"Bibi, unaumwa?"
"Hapana," nikamwambia, "nimejiloweka."
Akanitazama, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Nikaondoka nimechelewa dakika moja na nusu.
Kwenye kona kali ya makaburini
nilikanyaga breki kwa mguu wote, taratibu, hadi kidole cha mwisho.
Begi la mvulana halikusogea.