Kibati

Nilikisikia kabla sijaliona gari:
mluzi mwembamba ukishuka mteremko wa Skálavík,
ukapenya ukungu, ukawashtua kondoo barabarani,
kisha baba akatokea, mkono mmoja usukanini,
uso umetulia kama wa mtu aendaye kanisani.

"Baba, breki zinalia."
"Nani analia?"

Miaka thelathini na minne katika chumba cha injini, meli za uvuvi,
ilimnyang'anya sauti nyembamba moja moja:
kwanza ndege, halafu birika, halafu simu,
halafu mimi nikiongea kwa haraka.

Nilikuwa nimekuja kuchukua funguo.
Wadogo zangu walishakubaliana, nami mkubwa nikatwikwa mzigo.
Funguo zenyewe zikalala mezani, kando ya kopo la siagi,
zikinitazama.
Nikasema: "Tuliinue gari kwanza."

Kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Nati zilegezwe
tairi likiwa bado chini, maana likining'inia litazunguka nawe.
Jeki. Kisha kigoda cha chuma chini ya fremu,
kwa sababu, alisema baba, jeki ni rafiki wa kuinua,
si rafiki wa kulala chini yake.
Chumvi ya hewa ilikuwa imezila bolti hadi zikavimba.
Niligonga nyundo, nikanyunyiza mafuta, nikatukana.
Akacheka: matusi aliyasikia.

Pedi ya ndani ilibaki unene wa sarafu.
Na pale pembeni, kibati:
ulimi mdogo wa chuma, umepachikwa kiwandani na mtu asiyetujua,
ungoje miaka, uguse diski siku nyama ya pedi itakapokwisha,
upige yowe.
Kilifanya kazi yake.
Kengele ililia; nyumba ndiyo haikuwa na masikio.

Baba hakuangalia. Alivua glavu,
akapitisha kidole cha shahada juu ya diski,
polepole, kutoka ukingoni kwenda ndani.
"Mfereji upo," alisema, "lakini ukucha haukwami.
Itakwenda msimu mmoja. Labda miwili."
Nikapitisha changu. Ukucha haukukwama.

Kalipa haiachwi ining'inie kwa mpira wake;
tuliifunga kwa waya wa uzio.
Pistoni tukairudisha kwa jiliwa la seremala,
pedi kuukuu katikati, kifuniko cha mafuta ya breki wazi,
yeye akichungulia yasifurike,
mimi nikizungusha robo, robo, robo.
Grisi kidogo mgongoni mwa pedi mpya; usoni hata tone.
Mvua ikaja ya ubavuni, haikubisha hodi.

Upande wa pili niliufanya peke yangu.
Alishika tochi
akamulika sehemu nisiyoihitaji.

Nikaketi kwenye usukani, nikagusa ufunguo,
naye akapiga bati la mlango kwa kiganja: "Kanyaga kwanza!"
Pedali ikazama hadi chini, laini, tupu,
kama kidato kisichokuwepo gizani.
Mara ya pili ikashika kidogo. Ya tano ikawa jiwe.
"Hivyo ndivyo watu wanavyoingia baharini," akasema,
"breki mpya, na haraka."

Tukashuka hadi bandarini, tukapanda, tukashuka tena.
Kimya.
"Bado zinalia?" aliuliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.
Nikatikisa kichwa.
"Sasa nitajuaje siku zitakapolia?"

Sikuwa na jibu. Kondoo mmoja alisimama katikati ya barabara,
manyoya yamelowa, hana mpango wa kuondoka.
Nilikanyaga, gari likatua mbali naye.
Funguo zilikuwa zikining'inia kwenye swichi,
zikigongana taratibu,
na katika gari lile ni mimi tu niliyezisikia.