Mstari wa Kumi na Tisa

Tulianza na dirisha.
Si msingi, si paa, si choo: dirisha,
refu kama mlango wa kanisa, litazame ziwa,
ili Armas akinywa kahawa yake ya alfajiri
aone barafu ikipasuka mwezi wa Aprili.
Alilichora mezani kwa penseli ya kiwandani,
nami nikaandika pembeni: yuro elfu nne.
Nikakodoa macho, nikafuta,
nikaandika tena. Bei haikupungua kwa kufutwa.

Mali bila daftari huisha bila habari,
basi nikanunua daftari la mraba-mraba, jalada la bluu,
dukani kwa Pihla, kando ya pampu ya dizeli.
Mstari wa kwanza: kiwanja. Kimelipwa,
shukrani kwa ng'ombe wa marehemu shangazi.
Wa pili: manispaa, mhuri, mpimaji.
Wa tatu: kuchimba.
Huku kwetu ardhi huganda hadi kifuani mwa mtu,
na msingi usioshuka chini ya baridi
baridi yenyewe huung'oa, kama jino bovu.
Wa nne zege. Wa tano mbao.
Wa kumi na moja, nguzo tatu za umeme kutoka barabarani,
kila moja ghali kuliko gari letu.
Wa kumi na tisa niliuandika peke yangu
Armas akiwa zamu ya usiku:
Yale tusiyoyajua. Elfu ishirini na mbili.

Asubuhi alicheka. "Unawalipa mashetani?"
Akahesabu kwa vidole: kwa pesa hizo,
chumba cha wageni, varanda, mabomba ya moto chini ya sakafu.
"Wageni gani?" nikamwuliza.
Akanyamaza. Dada yake yuko Perth, haji.
Tukakifuta chumba cha wageni.
Varanda tuliibishania mpaka Krismasi.

Kupanga ni kuchagua, husema wasio na cha kuacha.
Mimi nimejifunza kuwa kupanga ni kuzika:
leo varanda, kesho ngazi ya mwaloni,
keshokutwa bafu la pili,
na kila maiti ana jina na bei yake.

Mei, Säde akaja na katapila lake la njano.
Hulipwa kwa saa, hata anapotafuna mkate.
Saa kumi jioni ndoo ikagonga kitu
kilicholia kama kengele.
Mwamba. Mwekundu, mpana, umelala pale
tangu barafu kuu ilipoondoka,
wala haukuomba kibali cha manispaa.
Säde akazima injini. Kimya kile
ndicho kitu pekee tulichopata bure siku hiyo.
"Baruti," akasema. "Na mtu wa baruti, kutoka Vaasa."
Akataja kiasi.

Armas aligeuka chokaa.
Hakunitazama. Alikwenda garini, akalileta daftari,
akalifungua mwenyewe.
Kidole kikashuka, kikapita zege, kikapita mbao,
kikapita nguzo, kikasimama.

Hakusema kwamba nilikuwa na haki.
Alisema, "Zitabaki elfu saba."
Nami sikusema, si nilikwambia.
Ndoa nayo ina mstari wake wa kumi na tisa.

Baridi hii tunaishi ndani ya sauna,
jengo la kwanza kusimama, mita kumi na nne za mraba.
Tunalala kwenye mabenchi ya jasho,
buti zetu ziko rafu ya sabuni.
Nje, kuta za nyumba zimevikwa nailoni,
hutweta upepo ukija.
Dirisha limekuja dogo kuliko mchoro:
upana wa mabega yake, basi.

Juzi aliingia mle ndani, theluji sakafuni,
akasimama mbele yake, akainama kidogo,
akasogea kulia, akasogea tena.
"Unaliona?" nikapaza sauti.
"Nusu," akajibu.

Nikaitafuta penseli.
Nusu ya ziwa.
Imelipwa.