Mkono wa Gia

Gari la Harub liliingia gereji juu ya gari jingine,
limefungwa minyororo kama fahali wa mnada,
na mwenyewe amekaa mbele, ubavuni mwa dereva wa watu,
mkono wa kulia umelala pajani
kama kitu alichoombwa kumshikia mtu.

"Kiharusi," akasema. "Kina kuchagua."
Mguu kilimwachia. Ulimi kilimwachia,
na matusi yake yote ya Mpwapwa.
Kilichukua mkono ule ule
ulionizaba kofi Ramadhani moja, saa nane, jua la kupasua kichwa,
nilipofungua gia boksi ya pili
bila kufuta mchanga kwanza.
Chembe moja ndani, alisema, jino moja nje.
Kofi sijalisahau.
Wala sijafungua tena bila kufuta.

Gia ya barabara si tatizo, ile ni otomatiki,
huifikia kwa kuvusha mkono wa kushoto juu ya tumbo.
Tatizo ni kijiti kifupi pembeni yake,
cha gia nzito, gia ya mchanga,
kigumu, kinataka bega zima na bismillahi.
"Nihamishie," akasema. "Kiweke huku, mlangoni."

Nikafuta mchanga. Nikafuta tena, ananitazama.
Jeki. Propela chini. Oili ikashuka
nyeusi, nzito, kama uji ulioungua.
Uma wa ndani umeliwa upande mmoja;
nikaweka mwingine, na beringi, na sili,
na seti mpya ya meno ili gari litambae pole zaidi,
maana mtu wa mkono mmoja hapaswi kuharakishwa.
Kisha Kunjumon akavaa miwani yake ya giza
akachomelea bomba la mkongojo,
ule wa chuma aliopewa hospitali ya Ibra, akaukataa.
Likapita chini ya kiti,
likajikunja kwenye kiwiko tulichokichonga kwa grainda,
likaibukia karibu na kishikio cha dirisha.

Mkono wa gia, ndivyo tunavyouita siku zote.
Siku hiyo neno lilinikwama kooni.

Alasiri tukaenda nyuma ya mitende ya mwisho ya Al Mintirib,
mchanga unapoanzia bila kuaga.
Tukatoa upepo tairi zote nne.
Akavuta.
Gari likakohoa, likabaki gia nyepesi,
likajichimbia hadi ekseli.

Hapo nikaliona kosa langu:
kiwiko kimegeuza mambo,
kuvuta kumekuwa kusukuma.
Nikangoja kofi.
Miaka ishirini imepita, na shavu langu la kushoto
likapata moto lenyewe.

"Mwalimu, kesho nitageuza."

Akanyamaza. Injini inaunguruma bure.
Kisha akacheka, na mabega yakacheka, moja zaidi ya jingine.
"Liache. Hata shati siku hizi naanzia mkono mwingine.
Kikombe, kalamu, kitasa cha choo,
vyote nimekwenda navyo shule upya.
Na hili lije darasani."

Akasukuma.

Klak.
Sauti ndogo, ya meno kukubaliana na meno.
Gari likajitoa shimoni, likapanda
bila haraka, bila hasira,
linautafuna mchanga kama mbuzi aliyekuta gunia wazi,
nami chini nahesabu matone ya oili yasiyodondoka,
hadi likasimama juu kabisa, taa za breki zinawaka,
na mkono wa kushoto ukatoka dirishani,
sijui unaniita, sijui unanifukuza.

Nikamfuata kwa miguu, viatu vimejaa.
Mfukoni nina boliti moja, ya spana kumi na mbili,
nimeifuta vizuri, inang'aa.
Sijui imetoka wapi.